Kipimo cha Kununulia, Kipimo cha Kuuzia

Hotuba iliyotolewa katika mdahalo wa wazi kuhusu mipaka na uhamiaji, Kigoma mjini

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani mliofika, wazee wangu wa Ujiji na wa Buha, mama zangu wafanyabiashara wa mwalo wa Kibirizi, na ninyi vijana wa bodaboda niliowaona mkiegesha pikipiki zenu nje ili mje kusikiliza, nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa nijibu swali lililoandikwa kwenye tangazo la mdahalo huu, yaani kama nchi jirani zinatutendea haki mipakani mwao, au zina sheria moja kwa watu wao na nyingine kwetu. Nitalijibu, lakini sitalijibu kwa upande mmoja, kwa sababu kila aliyewahi kupeleka maharage sokoni katika mkoa huu anamfahamu mlanguzi mwenye ndoo mbili. Ndoo ya kwanza imepashwa moto ikavutwa mpaka ikapanuka, naye huitumia anaponunua kwa mkulima. Ya pili imebonyezwa kitako kwa ndani, na hiyo huitumia anapouza mjini. Ukimuuliza, atakuapia kwamba zote ni ndoo za lita 20. Hoja yangu ni kwamba serikali za ukanda huu, yetu ikiwemo, zina ndoo mbili katika jambo la uhamiaji, na kwamba sisi watu wa Kigoma, ambao tunapunjwa kwa ndoo zote mbili, tumewahi pia kuzishika sisi wenyewe.

Nilifundisha somo la historia kwa miaka 31, kwa hiyo mtanivumilia nikianzia mbali kidogo. Wakati wa Wajerumani, Buha, yaani nchi yetu Waha, na Urundi, ambayo leo ni Burundi, zilikuwa ndani ya koloni moja. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo yaliiteka Kigoma mwezi Julai na Tabora mwezi Septemba, na kwa miaka mitano hivi mji huu tuliomo ulikuwa chini ya Wabelgiji. Vita vilipokwisha, Uingereza na Ubelgiji zilipatana mwaka 1919 jinsi ya kugawana nyara. Ruanda na Urundi zikabaki kwa Ubelgiji, nasi tukakabidhiwa kwa Waingereza mwaka 1921. Lakini Wabelgiji hawakukubali mizigo yao ikwame kwenye mpaka waliouchora wao wenyewe. Walipewa eneo lao katika bandari ya Kigoma na jingine Dar es Salaam, maeneo yaliyoitwa Belbase, ambako bidhaa za Kongo na za Ruanda-Urundi zilipita bila kutozwa ushuru wa Tanganyika. Mzigo wa mwenye nguvu ulipata mlango wake kwa mkataba ulioandikwa na kutiwa saini. Shangazi aliyeolewa upande wa pili wa kilima, ambaye salamu yake ya asubuhi inaeleweka Makamba, Burundi, bila mkalimani, hakuandikiwa mkataba wowote.

Naomba pia tusisahau kwamba babu zetu walikuwa wahamiaji kabla hatujawa wenyeji wa kuwahoji wahamiaji. Mkoa huu uligeuzwa ghala la nguvukazi. Vijana wa Kiha walisafirishwa hadi mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba, wakalala katika kambi moja na Warundi, wakapokea ujira ule ule mdogo na dharau ile ile. Marehemu baba yangu aliwahi kunionyesha kovu la mkonge kwenye kiganja chake. Hakuwahi kuniambia kwamba Mrundi aliyekuwa akikata mstari wa pili alikuwa na haki pungufu kuliko yake.

Sisemi mpaka uvunjwe. Mwaka 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikubaliana kuheshimu mipaka iliyorithiwa kwa wakoloni, na aliyelisukuma azimio hilo alikuwa Mwalimu Nyerere. Naliunga mkono hata leo, kwa kuwa naujua umwagaji damu ambao ungefuata laiti kila kabila lingedai kuuchora mpaka upya. Mpaka na uwepo, askari na wawepo, na mgeni aulizwe jina lake na aendako. Ninachokihoji ni kipimo anachopimiwa mtu huyo akishafika dirishani.

Tuanze na kipimo chetu, na tuanze na pale tulipofanya vema, maana si haki kuificha heshima ya nchi hii. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipokewa, wakapewa ardhi Ulyankulu kule Tabora, na Katumba na Mishamo katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi. Walilima, wakalipa kodi, wakalisha miji. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen, ambayo hutolewa kwa waliowatumikia wakimbizi. Baadaye serikali ilifanya jambo ambalo nchi chache sana duniani zimewahi kulifanya kwa ukubwa huo: watu wapatao 162,000 kutoka makazi hayo walikubaliwa uraia mwaka 2010, na mwaka 2014 wakaanza kukabidhiwa vyeti vyao. Katika ile miaka minne ya katikati walikuwa wameukana uraia wa Burundi na wa Tanzania walikuwa hawajauona kwa macho, na hiyo ni sehemu ya habari ambayo hatupendi kuisimulia. Hata hivyo mwisho wake ulikuwa wa heshima.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi, na tukawapokea. Tarehe 31 Machi 1995, mwaka haujaisha, tulifunga mpaka wetu na Burundi wakati Burundi yenyewe ikiwaka moto. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda waliokuwa Ngara waliamriwa kurudi kwao, wakasindikizwa na askari. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ikamfunga mkimbizi ndani ya kambi, na wale waliokuja miaka ya tisini hawakupata jembe wala shamba kama waliotangulia mwaka 1972. Mwishoni mwa mwaka 2012 kambi ya Mtabila, hapa kwetu Kasulu, ilifungwa na wakazi wake wakarudishwa. Mrundi aliyekimbia 1972 na Mrundi aliyekimbia 1993 walikimbia sababu zinazofanana, pengine kutoka kijiji kimoja, lakini mmoja leo ni Mtanzania mwenzangu na mwingine alipakiwa kwenye lori. Tofauti yao ni mwaka waliofika.

Ikaja Septemba 2013 na Operesheni Kimbunga, msako wa wahamiaji haramu, katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Najua ndani ya ukumbi huu wamo waliofurahia, na wamo waliopoteza mke au mama. Maelfu walitolewa nchini. Miongoni mwao walikuwemo watu walioishi hapa miongo kadhaa, walioolewa hapa, waliozika watoto wao hapa. Sitaki kuzungumzia takwimu. Nataka kuzungumzia mlango mmoja ninaoujua.

Katika kijiji nilichozaliwa, karibu na Manyovu, mpakani na Burundi, shamba la maharage au la kahawa halilimwi bila vibarua kutoka ng'ambo ya mpaka. Wamekuwa wakija tangu sijazaliwa. Huja mvua zinapokaribia, hulala kwenye banda la mwenye shamba, hupatana ujira ambao mara nyingi hulipwa mavuno yakishauzwa. Mwenyekiti wa kitongoji anawajua, mgambo anawajua, na mwenye shamba anawajua kwa majina ya baba zao. Kwa miezi minne au mitano hakuna anayewaita wahamiaji haramu. Kisha mavuno yanaingia ghalani na siku ya malipo inakaribia, na ghafla mwenye shamba anakumbuka sheria. Anapita kimya kimya kutoa taarifa kwamba kuna watu wasio na vibali nyuma ya nyumba yake. Alfajiri wanakamatwa. Deni lake limefutwa na watu wanaolipwa mshahara kwa kodi zetu.

Nimeliona jambo hili likifanywa na ndugu yangu wa karibu kabisa, ambaye sasa ni marehemu. Vijana watatu, wote chini ya miaka 25, walimlimia msimu mzima. Nilikuwa likizo nyumbani. Nilisikia alivyowapangia usiku ule, nami nikiwa mwalimu wa watu, nafundisha haki za binadamu darasani, sikufungua kinywa, kwa sababu aliyekuwa akipanga ni mkubwa wangu na maharage yale yalikuwa pia ya kulipia karo za wanangu. Nimelibeba jambo hilo kwa miaka mingi. Nalisema leo mbele yenu kwa kuwa siwezi kusimama hapa kuishutumu Kenya au Msumbiji huku nikiwa nimekula maharage yale.

Na tumeishutumu Msumbiji, tena kwa haki. Mwaka 2017 wachimbaji na wafanyabiashara wadogo wa Kitanzania walitimuliwa Montepuez, kwenye machimbo ya rubi ya Cabo Delgado. Walirudi mikono mitupu, wakasimulia kupigwa na kuporwa mali, na nchi nzima ikasikitika. Lakini nilipokuwa nikisikiliza masimulizi yao redioni, niligundua kwamba ningebadilisha majina ya mahali tu na habari ingekuwa ya mwaka 2013 ya kwetu. Wao pia walikuwa wameishi kule miaka mingi. Wao pia walioa kule. Wao pia hawakupewa nafasi ya kuuza mbuzi wala kufunga duka. Kama ilikuwa dhuluma Montepuez, ilikuwa nini Kasulu?

Mwezi Juni 2019 mbunge mmoja wa Nairobi alisimama hadharani akawatishia wafanyabiashara wa kigeni wa masokoni, Watanzania wakiwemo, kwamba wasipoondoka ndani ya saa 24 watatolewa kwa nguvu. Jambo hilo lilifika bungeni Dodoma, serikali ya Kenya ikamkana mbunge wake, naye akakamatwa. Tulijisikia tumelindwa. Miaka sita baadaye, Julai 2025, serikali yetu ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa kutuma na kupokea fedha kwa simu, ufundi wa simu zilizoharibika, saluni na kuongoza watalii. Safari hii Kenya ndiyo iliyolalamika kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imevunjwa. Ninaelewa kabisa kijana wa Kariakoo aliyeiomba amri hiyo, kwa sababu mtaji wake mdogo ulikuwa ukishindana na mtaji mkubwa uliotoka mbali sana, nje kabisa ya Afrika Mashariki. Kumlinda ni halali. Lakini amri haikutenganisha mwenye mtaji wa kontena na kinyozi kutoka Bujumbura mwenye mashine moja ya kunyolea, na kwa sisi tulio mpakani tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Na maneno ambayo kinywani mwa mbunge wa Nairobi tuliyaita uchochezi, sisi tumeyatia katika sheria, kwa lugha ya upole zaidi.

Majirani nao wana ndoo zao. Kenya iliwaacha Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi za mashambani, wakaishi bila uraia kwa vizazi hadi mwaka 2016, na hata hapo ilibidi watembee kwa miguu kuelekea Nairobi ndipo wasikilizwe. Wakenya wa asili ya Kisomali, raia kwa kuzaliwa, walikuwa wakipitishwa kwenye kamati za uhakiki ambazo Mkikuyu wa Nyeri hakuzijua, mpaka Rais Ruto alipotangaza kuondolewa kwa utaratibu huo. Rwanda ilitangaza mwaka 2023 kwamba Mwafrika yeyote ataingia bila viza, jambo la kupongezwa, lakini ni Rwanda hiyo hiyo ambayo mpaka wake na Uganda kule Gatuna ulifungwa kuanzia Februari 2019 hadi Januari 2022, na wakulima wa pande zote mbili wakabaki wakitazamana. Burundi, ambayo watu wake tunawataka wapokewe kwa ubinadamu, imeufunga mpaka wake na Rwanda zaidi ya mara moja tangu 2015. Uganda inasifiwa duniani, na ni haki isifiwe, kwa sheria yake ya mwaka 2006 inayomruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea. Wazee wanaikumbuka pia Uganda ya mwaka 1982, ilipowafukuza Wanyarwanda wa magharibi na hata raia wake waliofanana nao. Na watoto wa waliofukuzwa hawakusahau.

Mtaniuliza: je, hakuna sheria iliyo juu ya ndoo hizi zote? Ipo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilisainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kifungu cha 7 kinampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia, kukaa na kutoka, na kinaruhusu nchi kuweka mipaka kwa ajili ya sera ya umma, usalama wa umma au afya ya umma, kwa sharti kwamba nchi itakayofanya hivyo iwaarifu wenzake. Tatizo ni kwamba kila nchi husoma nusu ya kifungu. Raia wetu akizuiwa, tunasoma nusu ya kwanza kwa sauti kubwa. Tukimzuia wa mwenzetu, tunasoma nusu ya pili. Tena kuhusu kazi, kila nchi iliambatanisha orodha ya ajira iliyokuwa tayari kuzifungua, na orodha yetu ilihusu zaidi wataalamu na mafundi wenye vyeti. Mwenye jembe la mkono, ambaye ndiye anayevuka Manyovu kila mwaka, ndiye ambaye Itifaki haikumwona.

Hata hivyo sheria hiyo ina meno pale mtu anapothubutu kuitumia. Aprili 2011 wakili wa Kenya, Samuel Mukira Mohochi, alizuiwa kuingia Uganda katika uwanja wa Entebbe na kurudishwa Nairobi bila kuelezwa sababu. Alikwenda Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, na Mei 2013 Mahakama ikaamua kwamba Uganda ilikiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na Itifaki hiyo, na kwamba mamlaka ya nchi ya kumkataa mgeni hayawezi kutumika kana kwamba Mkataba haupo. Hiyo ilikuwa miezi minne tu kabla ya Operesheni Kimbunga. Uamuzi huo ulitufunga sisi pia.

Shauri la pili ninaloomba mlijue linatuhusu moja kwa moja. Anudo Ochieng Anudo alikuwa akitumia hati ya kusafiria ya Tanzania. Mwaka 2012, alipokuwa akishughulikia taratibu za ndoa yake, hati hiyo ilichukuliwa kwa madai kwamba uraia wake una mashaka. Mwaka 2014 akapelekwa Kenya. Kenya nayo ikasema si wake, ikamrudisha, naye akabaki akiishi kati ya vituo viwili vya mpaka pale Sirari, mahali ambapo si Tanzania wala si Kenya. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua Machi 2018 kwamba Tanzania ilikiuka haki yake ya uraia, na ikaweka msingi ambao kila mtu wa Kigoma angepaswa kuujua kwa moyo: serikali ikidai kwamba mtu ambaye yenyewe ilimtambua kuwa raia si raia, mzigo wa kuthibitisha ni wa serikali. Mahakama hiyo ina makao yake Arusha, kwenye ardhi yetu, na tunaona fahari kuwa wenyeji wake. Novemba 2019 serikali yetu iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi kwenda mbele yake moja kwa moja. Raia wa nchi nyingine zilizobaki na tamko hilo anaweza kupanda basi hadi Arusha kufungua shauri mahali ambapo mwenyeji amefungiwa mlango. Jambo hili linaniuma kuliko mengi niliyoyataja.

Linaniuma kwa sababu linatufikia mwilini. Ni nani hapa, mwenye lafudhi kama yangu, ambaye hajawahi kushushwa kwenye basi? Mimi nilishushwa nikiwa na umri wa miaka 54, nimevaa suti, nikitokea kusahihisha mitihani. Aliyenisimamisha aliniuliza jina la babu mzaa babu, jina la mwalimu wangu wa darasa la kwanza, kisha akaniambia niimbe Wimbo wa Taifa, wimbo ambao nimewafundisha watoto wapatao elfu kadhaa. Niliimba. Abiria waliobaki ndani walikuwa wakitazama dirishani. Kijana aliyekaa kiti cha nyuma yangu, mtu wa mkoa mwingine, hakuwa na kitambulisho chochote mfukoni na hakuulizwa neno. Baadaye, binti yangu alipoomba namba ya kitambulisho cha Taifa, aliitwa mara tano katika ofisi moja, akaambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha bibi yake, mwanamke aliyezaliwa kijijini miaka ambayo hata zahanati haikuwepo. Wenzake waliosoma naye chuo, wa mikoa ya ndani, walipata namba zao bila kumtaja bibi.

Yote haya yanafungamana. Ndoo tuliyokubali itumike kwa Mrundi ndiyo hiyo hiyo inayotupimia sisi, kwa sababu anayeshika ndoo hawezi kututofautisha. Tulipokubali kwamba mtu anaweza kutambuliwa kuwa haramu kwa lafudhi, kwa pua na kwa jina la ukoo, tulikuwa tumetoa lafudhi, pua na majina yetu wenyewe.

Tazameni pia mwalo wa Kibirizi. Boti zinazokwenda Gombe na boti zinazokwenda Kagunga zinapita maji yale yale. Mtalii kutoka Ulaya anayekwenda kuwatazama sokwe hulipa ada zake, anapokewa kwa tabasamu, na akikosea jambo huelekezwa. Mama wa Kikongo aliyevuka ziwa na vitenge vyake, raia wa nchi ambayo tangu mwaka 2022 ni mwanachama mwenzetu wa Jumuiya, akikosea jambo huwekwa rumande. Simchukii mtalii. Ninauliza tu ni kifungu gani cha Itifaki kilichompa yeye upole.

Nafika kwenye hoja ya usalama, ambayo siidharau hata kidogo. Wengi wenu mnaikumbuka miaka ambayo basi halikuthubutu kutoka Kasulu kwenda Kibondo bila askari ndani, na wamo hapa waliozika watu waliouawa na majambazi wenye silaha za kivita zilizovuka mpaka. Serikali iliyowapuuza watu hao ingekuwa imevunja wajibu wake wa kwanza. Lakini jambazi hukamatwa kwa upelelezi na kwa ushirikiano wa wanakijiji, na mwanakijiji asiye na uhakika na karatasi zake mwenyewe haendi kituoni kutoa taarifa. Hofu ya kuulizwa uraia imewanyamazisha mashahidi wengi mpakani. Kuhusu kuni na ardhi, nakubali kwamba misitu ya Kasulu na Kibondo imeumia kwa mzigo wa kambi, na kwamba mataifa makubwa yanayotuhimiza tuwapokee wakimbizi huku yakijenga kuta zao hayajatutendea haki. Tuyadai. Hata hivyo deni la mataifa hayo halilipwi na mtoto aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

Mei 2015, Warundi makumi ya maelfu walipojazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, na kipindupindu kikaingia, watu wa Kigoma hawakungoja kuambiwa. Meli ya Liemba, ile iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ilikwenda na kurudi ikiwaleta mjini, na uwanja wetu wa Lake Tanganyika ukawa mahali pao pa kupumzikia. Wamo humu mama waliopika uji. Hamkuuliza wamefika mwaka gani.

Ninapendekeza nini? La kwanza, na kwangu ndilo kubwa, ni kibali cha kibarua wa msimu, kitolewe pale pale Manyovu na kwenye vituo vidogo vya mpakani, kwa ada anayoimudu mtu wa jembe. Kiandikwe jina lake, kijiji chake, jina la mwenye shamba na ujira waliopatana, nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji. Asiondolewe mtu nchini kabla mwenye shamba hajaulizwa kama amemlipa. Hilo halihitaji mkutano wa marais. Mkoa na wenzetu wa upande wa Burundi wanaweza kulianzisha kwa makubaliano ya ujirani mwema, kama yalivyoanzishwa masoko ya mpakani.

Kwa anayeamriwa kuondoka baada ya kuishi hapa miaka mingi, apewe sababu kwa maandishi, muda wa kuuza mali yake, na mahali pa kukata rufaa, mambo ambayo tuliyadai kwa ajili ya watu wetu wa Montepuez. Ukaguzi wa barabarani uwahusu abiria wote wa basi au usimhusu yeyote. Tamko la Mahakama ya Afrika lililoondolewa mwaka 2019 lirudishwe. Na wabunge wetu wa mkoa huu, wanapoletewa muswada wowote unaomhusu mgeni, wausome mara mbili: mara ya kwanza wakiwa Watanzania, mara ya pili wakijiweka katika nafasi ya Mtanzania anayeuza duka Lubumbashi.

Reli ya kutoka Uvinza kwenda Musongati imekwisha wekewa jiwe la msingi. Itabeba nikeli ya Burundi hadi bahari ya Hindi, na sina shaka kwamba mkataba wa mzigo huo utakuwa umeandikwa vizuri, kama ulivyoandikwa ule wa Belbase mwaka 1921. Naomba safari hii watu nao waandikiwe wa kwao.

Mvua za kwanza Buhigwe huanza kunyesha mwezi Oktoba, na vibarua watavuka kama walivyovuka kila mwaka. Ndugu Mwenyekiti, rasimu ya kibali hicho cha msimu nimeiandika kwa mkono, kurasa mbili, na naiacha hapa mezani kwako ili iwafikie waheshimiwa kabla ya mwezi huo.

Asanteni kwa kunisikiliza.